Fahamu: Bomba la mafuta la Tanga linaihusu vipi Shimoni?

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki (EACOP) halipiti Kenya hata hatua moja. Linatoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, na limeundwa kupashwa joto njia nzima maana mafuta ya Uganda huganda. Baadhi ya visima vya mafuta hayo vimo ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls, kwenye makao ya ndovu na twiga.

Sasa tazama bahari. Chongoleani, zitakakopakia meli, iko takriban kilomita 50 kutoka Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, na mkondo wa bahari huku huelekea kaskazini. Kusi ikivuma, huzidi kasi. Mafuta yakimwagika hayaulizwi pasipoti. Mbele yake kuna matumbawe na pomboo wa hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, kisha Kibuyuni, ambako kina mama hushuka maji yakitoka, wakafunga mwani kwenye kamba kishada kwa kishada. Mwani wenye mafuta nani atanunua?

Ndipo anapoingia wakili Mkenya Omar Elmawi. Alipinga mradi wa makaa ya mawe Lamu, kisha akaratibu kampeni ya StopEACOP. Wenye bomba husema limezingatia viwango vya kimataifa na litaleta ajira. Mwaka 2020 mashirika manne yalikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kulipinga bomba hilo. Novemba 2023 kesi ikatupwa kwa kuchelewa kufunguliwa. Hoja za mazingira zenyewe hazikuamuliwa, na hilo, kwangu, ndilo linalokera zaidi.