Sayansi Nyumbani Kabla ya Darasa la Nne

Vijana wenzangu mlio shuleni, na hata sisi tuliokwisha kuondoka, huombwa sana wakati wa likizo tuwafundishe wadogo zetu nyumbani. Desturi hiyo ilizidi hapa Uganda tangu shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022, na katika muda ule wazazi wengi waliona kwamba meza ya kulia chakula yaweza kuwa darasa. Sasa swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: Je, yafaa kumwanzisha mtoto Sayansi kabla hajafika darasa la nne?

Kwanza tuone kwa nini ni darasa la nne. Tangu 2007 madarasa matatu ya kwanza ya Uganda hufundishwa kwa mada, kama vile nyumba yetu, mwili wa mtu, na hali ya hewa. Sayansi imo humo, lakini imechanganywa na kusoma na kuhesabu. Katika darasa la nne ndipo inapopata kitabu chake na kipindi chake, na mwisho wa darasa la saba huwa mojawapo ya karatasi nne za mtihani. Tena kuna jambo la lugha. Katika shule nyingi, hasa za vijijini, madarasa matatu ya chini hufundishwa kwa lugha ya nyumbani, na darasa la nne ndilo la kuvukia Kiingereza. Basi mtoto hukutana na somo geni na lugha ngeni kwa wakati mmoja, na akishindwa, mwalimu hawezi kujua upesi ni kipi kilichomshinda.

Kwa hiyo mimi nasema, naam, aanze mapema. Ila asianze na kitabu cha darasa la nne. Dada yangu alipotaka binti yake wa miaka saba afundishwe kitabu hicho ili awatangulie wenzake, nilimwomba kwanza anipe miezi michache nifundishe bila kitabu. Maana nimemwona mtoto wa miaka sita aliyeweza kutaja sehemu zote za ua kwa Kiingereza, moja baada ya moja kama mtu ahesabuye shanga, naye hajapata kulipasua ua hata moja kwa vidole vyake.

Tulianza na maharagwe, na tuliyaita ebijanjaalo, kama ayaitavyo mama yake jikoni. Twaa makopo mawili, tia udongo ule ule, panda mbegu tatu tatu, mwagilia sawasawa. Kopo moja liweke dirishani, la pili kabatini penye giza. Kisha muulize mtoto litakalotokea, na jibu lake liandikwe kabla ya jambo kuonekana. Hapo ndipo penye faida yote. Mpwa wangu alisema ya gizani yatakufa. Baada ya siku kumi hivi alifungua kabati akapiga kelele, "Mjomba, ya gizani ndiyo yameshinda!" Ni kweli, yalikuwa marefu kuliko ya dirishani, lakini membamba, yamepauka rangi ya manjano, na majani yake madogo mno. Mmea ulio gizani hutumia chakula cha akiba kilichomo ndani ya mbegu ili urefuke upesi kuutafuta mwanga; akiba ikiisha, huanguka. Hayo sikumwambia siku ile. Nilimwachia kopo lake, na wiki iliyofuata aliyaona yakilala chini.

Somo la pili lilikuwa la mbu, na hili nalipenda zaidi, kwa kuwa malaria haingojei darasa la nne. Chota maji yenye viluwiluwi katika gilasi, ufunge kitambaa chepesi mdomoni imara. Viluwiluwi vya mbu wa malaria, Anofelesi, hulala sambamba na uso wa maji, kama vijiti vinavyoelea. Vya mbu wa namna ya Kuleksi huning'inia kichwa chini, vikivuta hewa kwa kijibomba cha mkiani. Mtoto wa miaka saba aweza kuvitofautisha kwa macho yake mwenyewe, tena bila hadubini. Baada ya siku kadha hugeuka kuwa bundo, kisha mbu. Yule wa malaria akitua ukutani huinua mkia juu. Kabla hawajaruka, maji yamwagwe juu ya udongo mkavu. Tangu hapo binti huyu ndiye anayezunguka uani kupindua makopo yenye maji ya mvua, na wala hakuna aliyemtuma.

Baadhi ya wazazi wa mjini hununua vitabu vya ng'ambo vya kufundishia nyumbani. Vingine ni vizuri sana, lakini viangalieni. Kitabu kilichoandikwa kwa watoto wa Uingereza chaweza kusema kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini siku zote. Kwao ni kweli. Kampala, iliyo karibu kabisa na ikweta, si kweli. Simamisha fimbo ya mita moja, uinyoshe kwa timazi. Mwishoni mwa Juni kivuli cha adhuhuri huangukia kusini, chapata sentimita 43. Mwishoni mwa Desemba huangukia kaskazini, kwa urefu karibu ule ule. Na karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua huwa utosini na kivuli karibu hakionekani. Tena kivuli kifupi kuliko vyote hakiji saa sita kamili, ila karibu na saa saba kasoro dakika kumi. Sababu yake ni kwamba saa za Afrika Mashariki zimewekwa kwa kufuata longitudo ya 45, ipitayo karibu na Mogadishu, na Kampala iko kwenye 32 na nusu. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika nne, hesabuni wenyewe. Maelezo hayo ni yenu ninyi wa kidato cha pili. Mtoto yatosha atie alama chini kwa mawe na aone kwamba mawe yamehama.

Yako mambo ambayo lazima yangoje. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alionyesha jambo ambalo kila mmoja wenu aweza kulijaribu leo. Tia maji sawasawa katika gilasi mbili za namna moja, kisha mimina ya gilasi moja katika chombo chembamba kirefu mbele ya mtoto. Wengi walio chini ya miaka saba watasema maji yameongezeka. Usimcheke wala usimkemee. Akili yake haijafika hapo, na itafika. Kwa hiyo ujazo na uzito si vya kuanzia, wala atomu, wala jinsi jani linavyotengeneza chakula.

Mpango wetu ni nusu saa, mara mbili kwa juma, bila moto wala dawa zozote. Mpwa wangu ana daftari lake la kuchora, na kila ukurasa una tarehe. Maneno huandikwa kwa Kiganda, na karibu na kila picha huongeza neno moja tu la Kiingereza, ili akilikuta darasani alijue. Mimi sisahihishi kwa wino mwekundu. Dada yangu amelitazama daftari lile mara mbili tatu, na kitabu cha darasa la nne bado kiko juu ya kabati, kikingoja mwaka wake.