Kabla ya kuifufua Peugeot 504, linganisha kemshafti na pistoni

Wasafiri wa miaka ya 1980 na 1990 kati ya Migori, Rongo na Homa Bay wanaikumbuka vyema Peugeot 504. Gari hilo, lililozinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968 na baadaye kuunganishwa humu nchini, lilibeba abiria waliobanana viti vya nyuma, huku pickup zake zikibeba samaki na mazao ya shambani.

Injini yake inapoanza kutoa moshi wa samawati na kula oili, mwenye gari hana budi kuamua: aweke kemshafti gani, na pistoni zipi? Wengi huyajibu maswali haya mbalimbali, ilhali ni swali moja.

Kemshafti ni mhimili wenye nundu ambazo, unapozunguka, husukuma fito zinazofungua valvu. Umbo la nundu ndilo huamua valvu ikae wazi kwa muda gani. Kemshafti ya mashindano huiacha wazi muda mrefu, na injini inayozunguka kwa kasi kubwa hufaidika kwa kuvuta hewa zaidi. Injini ikizunguka polepole, pistoni inapopanda huusukuma nje mchanganyiko wa hewa na petroli kabla ya valvu kufunga. Gari hukosa nguvu mlimani, hutetemeka likiwa limesimama, na hunywa mafuta kupita kiasi.

Tamaa ya kemshafti ya rali inaeleweka. Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504 mwaka wa 1975, naye Jean-Pierre Nicolas akarudia mwaka wa 1978, ingawa gari la Nicolas lilikuwa na injini tofauti kabisa, ya silinda sita. Lakini pickup inayopanda kutoka ufuo wa ziwa kuelekea Rongo ikiwa na shehena, au gari la abiria lisiloruhusiwa kupita kilomita 80 kwa saa, halifiki kabisa katika kasi ambayo kemshafti hiyo ilitengenezewa. Kemshafti ya kawaida ya kiwandani ndiyo ifaayo.

Sasa pistoni. Injini ya sentimita mchemraba 1,796 hutumia pistoni za kipenyo cha milimita 84, na ile ya 1,971 za milimita 88. Huuzwa pamoja na slivu zake, ambazo hutolewa na kuingizwa bila kutoboa upya bloku. Neema kubwa kwa karakana zisizo na mitambo ya gharama. Hata hivyo, fundi sharti apime kimo cha kila slivu juu ya uso wa bloku. Ikizama, gasketi ya hedi haitadumu, na hedi yenyewe, kwa kuwa ni ya aluminiamu, hupinda upesi injini ikichemka.

Pistoni pia huamua mgandamizo. Matoleo ya injini hizi yalitofautiana, kuanzia 7.5 kwa 1 hadi karibu 9 kwa 1. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,130 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi kiasi cha kuinyima injini kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na kwa hivyo mgandamizo wa juu kidogo huweza kustahimilika. Gari hilo hilo likiteremka Mombasa wakati wa Krismasi, laweza kuanza kugonga.

Hatari zaidi ni petroli iliyochanganywa na mafuta taa. Uovu huo ndio uliosababisha serikali kuweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018. Petroli hafifu hulipuka kabla ya wakati, na mgandamizo ukiwa mkubwa hutoboa pistoni. Asiyekiamini kituo anakonunua mafuta afadhali achague mgandamizo wa chini. Na akishauchagua huo, asithubutu kuuoanisha na kemshafti ya rali: mgandamizo uliokwisha kuwa mdogo utapungua tena kupitia valvu zilizochelewa kufunga, na gharama yote itakuwa imezaa gari dhaifu kuliko lile la awali.

Kemshafti mpya ivalishwe na tapeti mpya, ipakwe oili nzito kabla ya kufungwa. Siku ya kwanza injini isiachwe ikinguruma polepole. Izungushwe mara 2,000 hivi kwa dakika kwa muda wa dakika 20, fundi akiwa ameikodolea macho geji ya joto.