Mkono wa Mteja Usipofika Kikapuni



Zamani mama wa Mikindani aliyekwenda kununua korosho alitia mkono kikapuni, akachambua, akaonja, kisha akatoa fedha. Leo mambo yamegeuka. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ikawa nyepesi. Ilipokuja M-Pesa mwaka 2008, fedha nazo zikaanza kusafiri kwa simu. Mteja wa Kariakoo huagiza korosho za Mtwara au ng'onda wa Msimbati, akalipa kabla ya kuona, na mzigo ukamfikia kwa basi.

Wapo wafanyabiashara wanaolalamika kuwa mteja huyu ni mgumu: ataka picha, ataka uzani, auliza mzigo umefika wapi. Sisi twasema ana haki. Mkono wake haufiki kikapuni, ndiyo maana anauliza.

Imepokewa na Abu Huraira (R.A.) katika Sahihi Muslim kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kuwa kilinyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini asikiweke juu watu wakakiona, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Tazameni: mvua haikuwa kosa la muuzaji, kosa lilikuwa kuficha.

Basi muuzaji wa leo na awe mkono wa mteja wake. Vipande visichanganywe na korosho nzima. Zilizoungua ziuzwe kando kwa bei yake. Korosho hunyonya unyevu, hivyo zifungwe zikiwa zimepoa, katika mfuko usiopitisha hewa, na siku ya kukaangwa iandikwe. Picha iwe ya mzigo wenyewe. Basi likichelewa, mteja aambiwe kabla hajauliza.

Mzigo ukifika na aibu iliyofichika, sheria yetu humpa mnunuzi hiari ya kuurudisha. Ni kweli, nauli ya kurudisha yaweza kula faida ya wiki nzima, na mwenye mtaji mdogo huumia. Lakini aliyebeba hasara hiyo amebakiwa na mteja. Aliyeikwepa amebakiwa na fedha ya watu mfukoni, na simu yake haitalia tena.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali yenye baraka. Amin.