Fungu la Sanduku

Kabla halijawa ala, sanduku letu lilibeba majani ya chai. Ubavuni bado kuna herufi zilizofifia ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuzisoma zikakamilika. Limepinduliwa, likatobolewa katikati, ikapitishwa kamba moja, na kamba hiyo ikafungwa kwenye fimbo inayomfika mpigaji kifuani. Mpigaji hulikanyaga kwa mguu mmoja lisiruke, mkono mmoja ukaivuta fimbo kukaza kamba au ukailegeza, mkono wa pili ukadonoa. Sauti yake nzito husikika tumboni kabla ya masikioni. Wenzake ni fidla, vidumbak viwili, kimoja cha sauti ya juu na kimoja cha chini, cherewa za vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu, na mkwasa, vile vijiti vifupi vya kugonganisha. Akija mwimbaji, kikundi cha kidumbak cha Unguja kimetimia.

Mimi ni katibu wa kikundi cha namna hiyo, watu saba, wengi wetu wakaazi wa Ng'ambo. Kazi yangu ni daftari. Kila tunapopiga ninaandika tarehe, mtaa, mwenye shughuli, malipo tuliyopatana, pesa za kutunzwa, nauli, halafu mafungu. Watu ni saba lakini mafungu ni tisa: saba ya watu, moja la vyombo, moja la dharura. Lile la vyombo tunaliita fungu la sanduku, ingawa mara nyingi huishia kwenye nyuzi za fidla na ngozi za vidumbak, maana sanduku lenyewe halidai kitu ila kamba. Naamini desturi hii wazee waliitoa pwani. Wavuvi nao wakirudi hugawa mafungu, la nahodha, la mabaharia, na chombo kikapewa lake, kwa sababu chombo nacho kimefanya kazi.

Fungu la dharura lina adabu yake. Mwenzetu akiugua na shughuli ikafanyika bila yeye, fungu lake hupelekwa nyumbani usiku ule ule, na anayelipeleka haingii na hesabu mdomoni. Hugonga hodi, huuliza hali, huweka bahasha chini ya kikombe cha chai. Mpiga cherewa wetu aliwahi kulala miezi miwili kwa mguu, na daftari la miezi hiyo linaonyesha mafungu tisa kila safari. Sikuandika popote kwamba hakuwepo.

Asiyeijua Zanzibar hudhani kidumbak ni taarab iliyokosa pesa. Hata jina lake la zamani, kitaarab, lilikuwa na udogo ndani yake. Taarab ina vilabu vyake vya heshima: Ikhwani Safaa cha mwaka 1905, Culture Musical Club cha mwaka 1958, vyenye udi na kanuni na fidla zilizopangwa safu, na wasikilizaji waliokaa vitini na marashi yao. Kidumbak ni uwanja wa nyuma ya nyumba, turubai na mkeka. Lakini mikono mara nyingi ni ile ile. Makame Faki, aliyejulikana kwa jina la Sauti ya Zege, alipiga na kuimba Culture na pia akawa bingwa wa kidumbak, na hakuna aliyeona ajabu. Mtu mmoja huvaa suti Alhamisi akapiga taarab ukumbini, na Jumamosi akavaa kanzu akakaa mkekani Kwamtipura.

Tofauti iko katika mwendo. Taarab ina mwanzo na mwisho, na mwimbaji anajua ubeti wa mwisho ni upi. Kidumbak kikishaanza, wimbo huingia katika wimbo, mara nyingi kwa saa nzima bila kusimama, na kadiri unavyokwenda ndivyo moto unavyopanda. Anayeamua hapo ni mchezaji. Somo wa bi harusi akiingia kati na kanga mbili, mpiga fidla humtazama kiuno, na kiuno kikigeuka naye hugeuza. Mwimbaji lazima awe na maneno ya papo kwa papo: amtaje mama wa bwana harusi, amsifu shangazi aliyetoka Pemba kwa ajili ya siku hiyo, amchome kidogo jirani aliyesema harusi haitafungwa. Wanawake huitikia. Mwenye kufurahi huchomoa noti, huipunga, huzunguka nayo mara mbili tatu ili ionekane, kisha huiweka katika sinia mbele ya mwimbaji.

Hilo ndilo tunaloliita kutunza, na kwa miaka mingi nimelifikiria neno hili. Kutunza ni kumpa mwimbaji pesa, na kutunza ni kuangalia kitu kisiharibike, mtoto, nyumba, amana. Lugha yetu haikuona haja ya maneno mawili. Bibi anayeweka noti ya elfu moja katika sinia hanunui wimbo, maana wimbo ameshaupata na atauendea tena asubuhi akifua. Anatuangalia tusiharibike.

Sasa niseme juu ya tamasha. Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, na tangu hapo Februari ya Mji Mkongwe ina sura nyingine. Siku ya kwanza gwaride hupita barabarani na beni na ngoma, watoto wakikimbia mbele. Usiku jukwaa linawaka ndani ya Ngome Kongwe, ngome waliyoijenga Waomani baada ya Wareno kutolewa mwishoni mwa karne ya 17. Wanakuja wapigaji wa bara, wa Kongo, wa Afrika Magharibi, wa Komoro, na vikundi vidogo vya visiwani navyo hupata nafasi. Sharti kubwa la tamasha ni kwamba muziki upigwe pale pale, kwa mikono na midomo, bila sauti iliyorekodiwa nyuma.

Sharti hilo lilitufaa kuliko wengi wanavyojua. Ilipovuma rusha roho miaka ya 1990, kinanda kimoja cha umeme kilifanya kazi ya watu kumi. Mwenye harusi alikuwa na haki yake: kinanda hakili pilau, wala hakihitaji gari mbili. Vikundi vingi vya mitaani vilinyamaza kimya kimya, na fidla zikaning'inia ukutani mpaka nyuzi zikapata kutu. Katika hali hiyo, kuona kidumbak juu ya jukwaa lile lile anapopanda mgeni wa Mali au Senegali, na watu wakishangilia kamba moja ya sanduku, kulirudisha kitu nyumbani. Baba mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa akimkataza mwanawe kukaa na wahuni wa vidumbak, alimleta mwenyewe mazoezini wiki mbili baada ya tamasha. Alimsalimu maalim wetu kwa mikono miwili. Kijana huyo ndiye anayepiga vidumbak vyetu leo.

Kwa hiyo ninaposema kwamba tamasha halituweki hai, silidharau. Mwaka 2016 halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha za wafadhili, na Februari ile mji ulikuwa kama nyumba iliyohamwa. Lilirudi mwaka 2017 na tulifurahi kwa dhati. Lakini nikifungua daftari la mwaka ule mtupu, kurasa zimejaa kama za miaka mingine: Mwembemakumbi, Jang'ombe, Mkwajuni, Makunduchi. Harusi hazikumngojea mfadhili.

Kalenda zenyewe ni mbili. Tamasha hufuata Februari, ambayo haihami. Harusi hufuata mwezi mwandamo, unaorudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Ramadhani nzima vyombo hulala, vimefunikwa shuka, na mwimbaji wetu huwa hodari wa kasida. Sikukuu Pili tumeshatoka, na Mfungo Mosi wote, mwezi unaofuata Ramadhani, ni mbio. Kabla ya Ramadhani kuna Mlisho, yaani Shaabani, watu wakiwahisha ndoa zao mfungo usiwakute, mpaka siku za vunja jungu. Tamasha lilipoanza mwaka 2004, Februari iliangukia karibu na Sikukuu Kubwa. Mwaka 2025 Februari karibu yote ilikuwa Mlisho. Kikundi kidogo kilichoitwa tamashani mwaka kama huo kina shida ya kweli: usiku mmoja wa jukwaani dhidi ya harusi tatu zilizoahidiwa tangu Maulidi. Sisi tunayo kanuni moja tu, aliyetangulia kuahidiwa ndiye mwenye haki. Imewahi kutugharimu, na sikumbuki yeyote aliyetaka tuibadili.

Mara ya kwanza tulipopanda jukwaa la Ngome Kongwe, unyevu wa bahari ulikuwa umezilegeza ngozi. Harusini hilo si tatizo, huwashwa makaratasi uani na vidumbak vikasogezwa motoni mpaka vilie. Nyuma ya jukwaa kuna nyaya na mapazia, moto hauruhusiwi, na ni haki yao. Mpigaji wetu aliondoka bila kuaga. Alivuka barabara mpaka Forodhani, akamwomba muuza mishikaki nafasi kwenye jiko lake, na akakaa pale kwa kuchutama, kidumbak kimoja mkono huu na kingine mkono ule, akivizungusha juu ya makaa na kuvigonga kwa kidole, wateja wakimtazama. Yule muuza mishikaki alisogeza vijiti vyake upande mmoja na kumpepelea makaa. Hakutaka pesa. Alisema tu, "Nikimwoza binti yangu, nitakukumbusha." Vidumbak vilirudi vinanukia nyama na sauti yake kali kama kengele.

Fundi wa sauti, kijana mpole, alituuliza wimbo wetu wa kwanza unaishia wapi ili ajue lini ashushe taa. Tulitazamana. Hakuna aliyewahi kutuuliza swali hilo. Maalim alimjibu, "Mwanangu, utaisha wakichoka." Lakini tulikuwa na dakika 45, na baada yetu kulikuwa na kundi lililosafiri siku mbili kuja. Tukaamua palepale mahali pa kukatia. Tulipiga vizuri, sina wasiwasi juu ya hilo, na makofi yalikuwa mengi. Ila mwimbaji wetu alipofika pale anapomtaja mama wa bwana harusi, alinyamaza kidogo, akatazama lile giza lenye nyuso mia kadhaa asizozijua, akaruka ubeti.

Wiki ya tamasha pia ina njaa yake. Mahoteli na mikahawa hutaka muziki wa kienyeji kwa wageni wao. Hoteli moja ilipatana nasi saa mbili za jioni, tukapiga tatu, kisha tukaambiwa malipo ni chakula na jina letu kuonekana na wageni. Tulikula, kwa kuwa tulikuwa na njaa, na niliandika katika daftari sifuri tisa, moja moja, kila fungu na sifuri lake. Vijana hawakuelewa kwa nini nijisumbue. Nilitaka watakaokuja baada yangu wauone ukurasa huo na wajue kuuliza mapema.

Hao vijana ndio wanaonipa mawazo. Wana mikono mizuri, baadhi wamesoma katika chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilichofunguliwa mjini mwaka 2002, wanasoma noti, wanajua kuzungumza na waandaaji. Wanataka tuwe na nyimbo za dakika nne, zenye mwisho, zinazoweza kurekodiwa. Mmoja alisema tununue gitaa la besi, sanduku tuliweke ukutani kama kumbukumbu. Maalim hakukasirika. Alimwambia ashike fimbo apige yeye sanduku harusi tatu zijazo, halafu tutazungumza. Mimi naona wana haki ya kutaka kurekodi, na hata ya kutafuta safari. Ninachokihofia ni wimbo uliokatwa kwa kipimo cha jukwaa kurudi harusini na kipimo hicho hicho, mpiga fidla akatazama saa badala ya kumtazama mchezaji. Siku hiyo mama wa bwana harusi atakuwa mtazamaji, na mtazamaji hupiga makofi akaenda zake.

Usiku uliofuata lile jukwaa la Ngome Kongwe tulikuwa Bububu. Turubai la buluu, taa ya waya uliovutwa kutoka dirishani, harufu ya pilau na hina. Yule kijana wa gitaa la besi ndiye aliyekuwa na sanduku. Saa nzima ya kwanza jasho lilimtoka, kidole kikamchubuka. Kisha aliingia bibi mmoja mwenye mkongojo, nyanya wa bi harusi, na alipofika mbele ya sanduku aliuegemeza mkongojo turubaini na kuanza kutikisa mabega, polepole mno, nusu ya mwendo tuliokuwa nao. Kijana alimwona. Hakutupa ishara yoyote, aliilegeza fimbo tu, na sote tukashuka naye, fidla ikafuata, vidumbak vikafuata, wanawake wakapiga vigelegele hadi mtaa wa pili. Bibi alicheza dakika zisizozidi mbili. Akafungua fundo la kanga, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, na hakuiweka kwenye sinia. Aliiweka juu ya sanduku.

Niliiandika katika fungu la vyombo. Asubuhi yake simu ililia mapema, sauti ya mwanamke wa makamo kutoka Mkokotoni, akitaka tarehe katika Mfungo Mosi. Tulipatana malipo, nikamweleza habari ya nauli, nikadhani tumemaliza.

"Na sanduku mnakuja nalo?" akauliza. "Lile lile la Bububu?"

"Hewala, bibi," nikamwambia. "Lile lile."