Bingwa Aliyeuacha Mkanda

Tarehe 14 Januari, 2023, kampuni ya Kimarekani ya UFC, iliyo kubwa kuliko zote katika mchezo wa mapigano mseto, ilitangaza kwamba imeachana na bingwa wake wa uzito wa juu, Francis Ngannou wa Kameruni, na kwamba mkanda wake uko wazi. Hakuwa amepigwa na mtu, wala hakukutwa na kosa la nidhamu. Alikuwa amekataa kutia saini mkataba.

Wapo waliomwita mpumbavu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mkuu wa kampuni hiyo, Dana White, alisema kuwa mkataba huo ungemfanya Ngannou alipwe kuliko mpiganaji yeyote wa uzito wa juu katika historia ya kampuni. Ni mtu gani basi, aliyetoka katika ufukara, aisukumaye riziki ya namna hiyo kwa mkono wake mwenyewe? Sisi tunaona kwamba jibu limo katika kazi yake ya kwanza.

Ngannou alizaliwa mwaka 1986 huko Batié, magharibi ya Kameruni. Wazazi wake walitengana angali mdogo, naye akiwa mtoto alikwenda machimboni kuchimba mchanga. Msomaji aliyewahi kupakia lori la mchanga kwa sepetu hahitaji kuelezwa kazi hiyo ikoje, wala ni nani afaidiye lori likishaondoka. Ndondi alianza kujifunza akiwa na miaka 22. Mwaka 2012 alishika njia ya jangwa kwenda Ulaya, akakaa Moroko muda mrefu akijaribu kuvuka, akawekwa kizuizini Hispania, na mwaka 2013 akafika Paris, ambako alilala katika maegesho ya magari. Safari hiyo husimuliwa kama ngano ya ushujaa. Hatupendi isimuliwe hivyo, kwani waliofia katika njia ile hawana mkanda wa kumwonyesha mtu.

Huko Paris mwalimu Fernand Lopez alimshawishi aache kung'ang'ania ndondi tupu, ajifunze mapigano yanayochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabari. (Tukiri kwamba mchezo wenyewe hatuuhusudu.) Mwaka 2015 aliingia UFC. Mwaka 2018 Stipe Miocic alimshinda kwa pointi na kumwonyesha kuwa nguvu bila maarifa huisha pumzi. Machi, 2021, huko Las Vegas, alimwangusha Miocic huyo huyo katika raundi ya pili, akawa bingwa. Januari, 2022, akiwa na goti bovu, alimshinda Ciryl Gane kwa mieleka, jambo ambalo wengi hawakulitarajia kwake.

Kwa pambano hilo alilipwa dola 600,000. Kwa mkulima wetu hizo ni fedha za hadithi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Swali si fedha hizo ni nyingi kiasi gani, bali ni sehemu gani ya mavuno. Katika kesi iliyofunguliwa na wapiganaji wa zamani dhidi ya UFC, ilielezwa kuwa wapiganaji walipata takriban moja ya tano tu ya mapato, ilhali wachezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani hupata karibu nusu. Mwaka 2024 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 375 ili kesi hiyo iishe. Aidha, kwa sheria mpiganaji hahesabiwi mwajiriwa, bali mkandarasi wa kujitegemea. Walakini mkandarasi huyo hakuruhusiwa kupigana kwingine, na akiwa bingwa kulikuwa na kifungu cha kuurefusha mkataba wake.

Ngannou aliomba nini? Aliomba uhuru wa kucheza ndondi, haki ya kutafuta wadhamini wake mwenyewe, bima ya afya kwa wapiganaji, na mtu wa kuwasemea wapiganaji katika vikao vya wakubwa. Mawili ya mwisho hakuyaomba kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Aliposhindwa kuyapata, alisubiri mkataba uishe, akaondoka.

Oktoba, 2023, huko Riyadh, alimwangusha Tyson Fury katika raundi ya tatu, ijapokuwa waamuzi walimpa Fury ushindi kwa kura mbili dhidi ya moja. Machi, 2024, Anthony Joshua alimlaza katika raundi ya pili, na waliokuwa wakingoja kumcheka walicheka. Mwezi uliofuata alifiwa na mwanawe mchanga.

Oktoba 19, 2024, alirudi katika mchezo wake kwa shirika la PFL, akamshinda Renan Ferreira wa Brazili katika raundi ya kwanza. Ngannou alipoingia mkataba na shirika hilo alitaka kila atakayepigana naye awekewe kima cha chini cha dola milioni 2. Ferreira alipigwa, lakini kima chake kilikuwa kimekwisha kuandikwa na yule aliyempiga.