Afya ya Mtu Aliyeondolewa Korodani

Mkulima wa Isansa, wilayani Mbozi, amjua vema maksai: fahali aliyehasiwa ili avute plau kwa utulivu. Binadamu naye huweza kuondolewa korodani kwa sababu za tiba. Mwaka 1941 Charles Huggins, huko Chicago, alionyesha kwamba upasuaji huo hudhoofisha saratani ya tezi dume, ambayo hustawishwa na homoni ya kiume. Kwa hiyo mgonjwa huyo harudishiwi homoni hiyo. Lakini bila homoni mifupa hudhoofika, misuli hupungua na mafuta huongezeka. Hata kuanguka kidogo kwaweza kuvunja nyonga. Hatari hiyo hupunguzwa kwa mazoezi, maziwa, dagaa na maharage, na kwa kuacha tumbaku na pombe. Sukari na shinikizo la damu vipimwe mara kwa mara.