Kufika kina cha ubongo bila kufungua fuvu: kwa nini jambo hili linatuhusu sisi watu wa lugha

Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa. Wazee wetu wanakumbuka ngumi zake, na wanakumbuka mdomo wake pia: majigambo yenye vina, mizaha, maneno yaliyotoka kama maji ya mto. Miaka kumi baadaye, mwaka 1984, madaktari walimwambia kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Alipowasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996, dunia nzima iliona mkono wake ukitetemeka. Wachache walizungumzia jambo la pili, kwamba sauti ile kubwa ilikuwa imeshuka ikawa mnong'ono. Ugonjwa ambao watu huuita wa kutetemeka ni ugonjwa wa kusema vilevile.

Naanza na Ali kwa sababu makala hii inahusu utafiti ambao sisi wa isimu na fasihi tumezoea kuwaachia wenzetu wa kitivo cha tiba. Ni utafiti wa kuchochea sehemu za ndani kabisa za ubongo bila kutoboa fuvu. Nitaeleza ulikofika, kisha nitaonyesha kwamba mahali watafiti wanapojaribu kufika ni mahali pa lugha, na kwamba kuna kazi pale ambayo daktari peke yake hawezi kuifanya.

Chini ya eneo la Broca

Katika masomo yetu tunajifunza jina la Paul Broca, ambaye mwaka 1861 alichunguza ubongo wa mgonjwa aliyebaki na silabi moja tu ya kutamka. Eneo linaloitwa kwa jina lake liko juu, kwenye ganda la ubongo upande wa kushoto. Kwa hiyo wengi wetu tunabaki na picha kwamba lugha inakaa juu tu.

Chini ya ganda hilo, sentimita kadhaa ndani, kuna viini vidogo vinavyofanya kazi pamoja, vikiwemo talamusi na striatumu. Kazi yao mojawapo ni kuanzisha mwendo, kuupima nguvu na kuusimamisha. Kusema ni mwendo: pumzi, nyuzi za sauti, ulimi na midomo lazima vifuatane kwa wakati wake. Katika Parkinson, seli zinazopeleka dopamini kwenye viini hivi hufa kidogo kidogo. Hatua za miguu huwa fupi, mwandiko huwa mdogo, na sauti hufifia, hupoteza kiimbo, na maneno hukimbizana hadi msikilizaji hayatenganishi.

Viini hivi vina kazi nyingine inayotugusa zaidi sisi wa Lubumbashi. Mwaka 2006, Jenny Crinion na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti juu ya watu wenye lugha mbili, Wajerumani na Wajapani waliojua Kiingereza. Waliona kwamba sehemu ya striatumu ya kushoto iliitikia pale lugha ilipobadilika. Kabla yao, mwaka 2000, Jubin Abutalebi na wenzake walieleza habari za mgonjwa wa lugha tatu aliyeumia karibu na sehemu hiyohiyo: aliruka kutoka lugha moja hadi nyingine bila kutaka. Katika mji ambamo sentensi moja inaanza kwa Kiswahili, inapita kwenye Kifaransa na kumalizikia kwa Kibemba au Kiluba, kiini kinachosaidia kuchagua lugha si jambo la pembeni.

Na udongo wetu unatuhusisha pia. Manganizi, madini yaliyochimbwa kwa miaka mingi Kisenge, mkoa wa Lualaba, yakivutwa kwa wingi kama vumbi hujikusanya katika viini vya ndani na kuleta ugonjwa unaofanana na Parkinson. James Couper aliueleza huko Scotland tangu 1837, kwa wafanyakazi waliosaga madini hayo. Dawa ya levodopa, ambayo huwasaidia sana wagonjwa wa Parkinson, kwa kawaida huwasaidia hawa kidogo tu.

Njia ya waya

Mwaka 1987, mjini Grenoble, Ufaransa, Alim-Louis Benabid na wenzake walitoa taarifa kwamba umeme wa mapigo zaidi ya mia kwa sekunde, ukipitishwa katika talamusi, unazuia mtetemeko. Tangu hapo njia ilienea. Daktari anatoboa fuvu, anaingiza waya mwembamba hadi kwenye kiini, kisha anauunganisha na betri iliyowekwa chini ya ngozi ya kifua. Mgonjwa aliyeshindwa kushika kikombe anakunywa chai yake tena.

Lakini njia hii ina gharama. Upasuaji unaweza kuleta damu ndani ya ubongo au maambukizi. Betri nyingine hulazimika kubadilishwa. Mtaalamu lazima aendelee kurekebisha umeme. Kuna gharama nyingine ambayo watu wa lugha wanapaswa kuijua: mara nyingi mikono na miguu inapopona, ulimi haufuati. Mwaka 2011 watafiti wa London waliowafuatilia wagonjwa 32 kwa mwaka mmoja walionyesha kwamba mwendo uliboreka huku kueleweka kwa maneno yao, kwa wastani, kukishuka. Tafiti nyingi zimeona pia kwamba baada ya upasuaji wagonjwa hutaja maneno machache zaidi wanapopewa muda mfupi wa kuyatafuta. Mtu anarudishiwa hatua zake na kupunguziwa maneno.

Njia zisizo na kisu

Hamu ya kufika ndani bila kisu si mpya. Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, walichochea ubongo kwa sumaku iliyowekwa juu ya kichwa. Shida ni kwamba nguvu ya sumaku hupungua haraka kadiri inavyoingia. Ukiiongeza ili ifike chini, unachochea kwa nguvu zaidi kila kilicho juu yake.

Njia moja ya kukwepa kizuizi hicho inaeleweka vizuri kwa mtu wa fonetiki, au kwa yeyote aliyewahi kumtazama mpiga gitaa akilinganisha nyuzi. Nyuzi mbili zinapokaribiana bila kulingana kabisa, sikio linasikia sauti moja inayopanda na kushuka polepole. Kupanda na kushuka huko hakumo katika uzi wowote peke yake. Kunazaliwa pale mitetemo miwili inapokutana. Mwaka 2017, katika jarida la Cell, Nir Grossman, Edward Boyden na wenzao walionyesha jambo hilo kwa umeme katika ubongo wa panya. Walipitisha mikondo miwili kupitia kichwa, mmoja wa mitetemo 2000 kwa sekunde, mwingine wa 2010. Kasi hizo ni kubwa mno, seli za neva hazizifuati. Lakini pale mikondo ilipokutana, ndani, palizaliwa mpigo wa mara 10 kwa sekunde, na seli za hapo ziliuitikia huku zile za juu zikibaki kimya.

Mwaka 2023 zilitoka kazi mbili juu ya binadamu katika Nature Neuroscience. Kundi la Ines Violante na Grossman lilielekeza mpigo huo kwenye hipokampusi, kiini cha kumbukumbu, na watu waliojitolea walikumbuka vizuri zaidi majina yaliyounganishwa na sura. Kundi la Friedhelm Hummel, nchini Uswisi, lililenga striatumu wakati watu wakijifunza mfuatano wa kubonyeza vidole, na wazee walinufaika zaidi ya vijana.

Njia nyingine inatumia sauti. Kina mama wajawazito wanaijua ekografi: mawimbi ambayo sikio haliyasikii yanaingia mwilini na kurudisha picha. Mawimbi hayo yakikusanywa mahali pamoja, kama kioo kinavyokusanya jua, yanasukuma seli kidogo na kubadilisha kazi yake. Yakiwa makali sana huchoma, na njia hiyo ya kuchoma inatumika tayari kutibu mtetemeko, lakini kilichochomwa hakirudi. Watafiti wanaochochea wanatumia mawimbi hafifu. Mwaka 2025, kundi la Bradley Treeby wa University College London na Charlotte Stagg wa Oxford lilieleza kofia yenye vipaza mawimbi 256, iliyotumika ndani ya skana ya sumaku, ile madaktari wetu wanayoiita IRM. Kwa watu saba walifikia kituo kidogo cha kuona ndani ya talamusi, na kwa mpangilio mmoja wa mawimbi mabadiliko yalidumu dakika 40 au zaidi.

Tusiyakuze haya. Waliopimwa ni wachache, wengi wao wazima, na athari zilikuwa ndogo na za muda. Fuvu la kila mtu lina unene wake na hupindisha mawimbi kwa namna yake. Umeme unaofika ndani ya ubongo wa binadamu kwa njia ya mikondo miwili ni hafifu kuliko ule wa waya, na wataalamu bado wanabishana juu ya jinsi unavyofanya kazi. Hakuna mgonjwa wa Lubumbashi anayepaswa kuacha dawa zake akisubiri kofia hiyo.

Kazi inayotungoja

Kabla ya mashine, kuna swali la kutambua. Katika wilaya ya Hai, kaskazini mwa Tanzania, Catherine Dotchin, Richard Walker na wenzao walitafuta wagonjwa wa Parkinson nyumba kwa nyumba, na matokeo yalitoka mwaka 2008. Walipata 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba wana ugonjwa huo. Kama mkono unaotetemeka mbele ya macho haukutambuliwa, sauti inayofifia itatambuliwa na nani?

Hapa ndipo ninapowageukia wanafunzi wenzangu na walimu wetu. Ili kujua kama uchochezi umeharibu au umesaidia maneno, lazima upime maneno. Vipimo vilivyopo vilitungwa kwa lugha nyingine, na kuvitafsiri hakutoshi. Nitoe mifano mitatu.

Kipimo cha kwanza humwomba mgonjwa ataje kwa dakika moja maneno yanayoanza na herufi fulani. Kwa Kifaransa ni kazi ngumu ya kutosha. Kwa Kiswahili, chagua "a" na mgonjwa atasema anakuja, alikuja, atakuja, asingekuja, bila kikomo. Chagua "m" na ngeli nzima ya watu inamfungulia mlango. Tuhesabu shina au umbo? Swali hilo ni la mofolojia, nalo ni letu.

Cha pili ni kutaja wanyama. Mtu wa hapa atasema imbwa, kisha mbwa, kisha "chien". Je, ni majibu matatu au moja? Na kuruka huko ni dalili ya ugonjwa au ni usemi wa kawaida wa Kamalondo na Kenya? Vincent de Rooij, katika kazi yake ya mwaka 1996 juu ya Kiswahili cha Shaba, alionyesha kwamba maneno ya Kifaransa kama "donc" na "mais" yana kazi maalumu ya kupanga mazungumzo. Asiyejua utaratibu huo ataandika ugonjwa mahali pasipo na ugonjwa, au ataukosa pale ulipo.

Cha tatu ni kusoma kwa sauti. Ukimpa mzee aya ya Kifaransa, ambacho alikiona shuleni tu, kusitasita kwake kunaweza kuwa kwa shule, si kwa ubongo. Anahitaji matini fupi ya Kiswahili anachokisema, yenye silabi zilizopangwa kwa makusudi ili kupima midomo, ulimi na koo.

Kazi hizi hazihitaji kofia ya vipaza 256. Zinahitaji kinasa sauti cha simu, wasemaji wazima wa umri mbalimbali watakaokubali kurekodiwa, na tasnifu chache za mwisho wa masomo zitakazotuambia msemaji mzima wa Lubumbashi anataja maneno mangapi kwa dakika, kwa sauti ya kiasi gani, na anabadilisha lugha wapi. Bila takwimu hizo, siku matibabu haya yatakapotufikia, daktari atapima mwendo wa mkono, ataona umetulia, na kuandika kwamba hakuna madhara. Ataandika kwa nia njema, kwa kuwa hakuna aliyempa chombo cha kusikia kile mgonjwa alichopoteza.